Kutembezwa Mjini: Ziara za Majengo ya Kale Dar es Salaam Zinaokoa Nini?

Rafiki yangu mmoja, mhandisi wa majengo, huziita ziara hizi "matanga ya kutembea". Watu wanakusanyika asubuhi, wanasomewa wasifu wa marehemu, wanapiga picha, kila mtu anarudi kwake, na baada ya muda mabati ya mkandarasi yanazungushwa pale pale waliposimama. Mke wake anafundisha historia sekondari na hupeleka wanafunzi wake mjini kila akipata nafasi. Yeye anasema hilo ndilo darasa pekee la mwaka mzima ambalo hakuna anayesinzia. Nimewasikiliza wakibishana mezani kwao zaidi ya mara moja, hadi siku moja nikaona niende mwenyewe. Niseme mapema kwamba mimi ni wa upande wa mwalimu, ila hoja za mhandisi ndizo zilizonisumbua zaidi.

Tulikuwa kumi na mmoja, Jumamosi saa mbili asubuhi, kabla jua halijakaza. Watanzania tulikuwa watatu: mimi, kijana anayesomea usanifu majengo, na dada mmoja aliyemsindikiza mgeni wake. Wengine walikuwa wageni, wawili kati yao wazaliwa wa Kanada ambao babu yao aliwahi kuwa na duka Mtaa wa Jamhuri. Maelezo yote yalikuwa kwa Kiingereza. Kijana akiuliza kwa Kiswahili, mwongozaji alijibu kwa Kiingereza, kwa adabu kabisa, ili wote wasikie. Nitarudi kwenye hilo.

Tulianzia Sanamu ya Askari, na kwa mtu anayetaka kutetea ziara hizi, sijui kama kuna pa kuanzia pazuri zaidi. Kila siku maelfu ya watu wanalizunguka sanamu hilo wakiwa ndani ya magari, na wengi tunalijua kama alama ya kumwelekeza mtu: "shuka Posta, uliza Askari." Ukisimama chini yake dakika kumi, mambo yanabadilika. Mahali hapo Wajerumani walisimamisha sanamu ya gavana wao Hermann von Wissmann mwaka 1911. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaiondoa, na mwishowe ikapelekwa Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha miaka ya 1960. Huyu askari wa shaba tuliye naye alisimamishwa mwaka 1927. Maandishi ya chini, Kiswahili kikiwemo, yanawakumbuka askari wa Kiafrika wa Vita Kuu pamoja na wapagazi, ambao yanawaita miguu na mikono ya jeshi. Sanamu inamwonyesha mtu mwenye bunduki. Mpagazi ametajwa kwenye maandishi tu, sanamu hana. Mwongozaji alilitamka hilo kama jambo la kupita, akaendelea na safari. Mimi nilibaki nalo hadi mwisho wa siku.

Kutoka pale tulishuka hadi Kanisa la Kilutheri la Azania Front, ambalo Wajerumani walianza kulijenga mwaka 1898, na mnara wake na vigae vyekundu vimekaa kama vilivyoazimwa kutoka kijiji cha kusini mwa Ujerumani. Kisha Barabara ya Sokoine kuelekea magharibi: Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902; Nyumba ya Atiman, yenye jina la Adrian Atiman, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto Afrika Magharibi, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta, kisha akawatibu watu wa Karema kando ya Ziwa Tanganyika hadi uzeeni. Halafu Boma la Kale.

Boma ndilo lililonifanya nielewe kwa nini mwalimu anawapeleka wanafunzi pale. Lilijengwa mwaka 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wa Sultani Majid bin Said, aliyetaka kuhamishia shughuli zake huku kutoka Unguja. Alifariki mwaka 1870, mdogo wake Barghash hakuutaka mji huu, ukakaa nusu umejengwa nusu umeachwa hadi Wajerumani walipohamishia makao yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Hayo yote unaweza kuyasoma. Usichoweza kukisoma ni ule ukuta. Mwongozaji alitupeleka pembeni, mahali ambapo lipu imebanduka, akamwambia kijana aweke kiganja. Jiwe la matumbawe, lina vishimo vya viumbe vya baharini, limeshikwa kwa chokaa. Dari ni la boriti za mikoko, na akatueleza kwamba urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba: mti wa mkoko haukupi zaidi ya hatua tatu nne, basi chumba kinakuwa chembamba, kirefu kadiri unavyotaka. Kisha akaonyesha kiraka kilichopigwa lipu ya saruji. Chokaa inapumua, alisema. Unyevu unaopanda kutoka chini unatoka taratibu. Saruji inauziba, unyevu unabaki ndani, chumvi inalila jiwe kimyakimya, na siku lipu inapodondoka inadondoka na ukuta.

Dakika tano hizo zina faida kuliko vitabu vingi vya urithi. Fundi aliyepiga kile kiraka hakuwa na nia mbaya, alifanya anachokifanya kila siku. Kama watu mia wa mji huu wangejua tofauti ya chokaa na saruji, majengo kadhaa yangekuwa salama bila hata ya sheria mpya. Hoja ya kwanza ya upande wa ziara ni hiyo, nami naikubali bila masharti.

Hoja ya pili ni ya mashahidi. Jengo lisilo na mtu anayelijua huvunjwa bila kelele. Mji wa kati umepoteza mengi namna hiyo. Hoteli ya Kaiserhof ya Wajerumani, iliyofunguliwa mwaka 1906, jina lake la baadaye la New Africa limebaki kwenye jengo jipya kabisa. Watetezi wa ziara hupenda kutoa mfano wa Chicago, ambako mwaka 1966 watu walioungana kuiokoa nyumba moja, Glessner House, ndio walioanzisha taasisi ambayo leo inatembeza wageni mji mzima kuangalia usanifu wake. Ni mfano mzuri, ila uangaliwe unavyokwenda: kule ugomvi ulitangulia, ziara ikafuata. Walianza kwa kukataa jengo lisivunjwe, kisha wakaanza kulielezea. Sisi tumeanza na kuelezea.

Na hapo ndipo mhandisi anapoingia. Ananiuliza: ni jengo gani Afrika Mashariki limetembelewa, likaelezewa na kupigwa picha kuliko Beit al-Ajaib? Jumba la mwaka 1883, uso wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, ndani ya eneo lililoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka wakati wa ukarabati, ikaua watu wawili. Wageni na waongozaji walikuwepo miaka yote, na kuta zikawa zinachoka miaka yote. Macho ya watu hayashikilii dari.

Sina jibu la kumshinda hapo. Ninachoweza kusema ni kwamba Beit al-Ajaib ilipoanguka watu walilia na kuuliza, na maswali yao yalikuwa ya nguvu kwa sababu kila mtu aliijua. Kwenye mitaa ya Uhindini ghorofa moja ya mwaka 1930 na kitu ikiondoka, anayeuliza ni mwuza magazeti peke yake, kwa sababu amekosa kivuli.

Uhindini ndiko ziara ilikoanza kunikera, nami nitakaa hapo kidogo.

Tulipanda Barabara ya Morogoro, mwendokasi yakipita ubavuni, tukaingia mitaa ya Mosque, Indira Gandhi na Jamhuri. Kwa macho ni sehemu tamu kuliko zote. Roshani zenye vyuma vilivyosukwa maua, madirisha ya luva, majina ya wenye nyumba na mwaka wa ujenzi vikiwa vimechongwa juu kabisa kileleni ambako hakuna anayetazama. Mwongozaji alijua mitindo yote: hii imefuata Bombay, hii ni ya miaka ya thelathini yenye kona za mviringo kama meli, hii ni ya baada ya vita. Sote tukawa tumeinua shingo na simu. Kwenye roshani ya ghorofa ya kwanza mama mmoja alikuwa anaanika khanga. Akatuangalia kidogo, kisha akaita kwa Kiswahili, akimlenga yule dada:

"Mnapiga nini huko juu?"

"Shikamoo mama. Tunapiga jengo. Ni la zamani."

"Marahaba. Sasa huo uzamani si uko huku nyuma kwenye bomba la maji taka? Njooni mlipige na lenyewe."

Wenzetu wakauliza amesema nini. Mwongozaji akatafsiri kwamba mama anatukaribisha. Sote watatu tulicheka, na mimi nikaona aibu kidogo.

Mama yule kwa sentensi mbili alisema hoja nzito kuliko ile ya "haya ni majengo ya wakoloni", ambayo ndiyo tunayoisikia zaidi. Hiyo ya ukoloni naipita haraka, maana haina uzito mkubwa inavyodhaniwa. Boma ni la Sultani, nyumba za Uhindini ni za wafanyabiashara waliotiliwa mipaka na serikali hiyo hiyo ya kikoloni, na ofisi za Wajerumani za Kivukoni zilitumika kama wizara zetu kwa miongo, hadi serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kufuatia tangazo la mwaka 2016. Tulishayafanya ya kwetu kwa kuyatumia. Hoja ya kweli ya upande wa pili inahusu nani anaishi ndani ya jengo, analipa nini, na anapata nini.

Tuseme ukweli juu ya nyumba za Uhindini, kwa sababu mwongozaji wetu aliishia kwenye mitindo. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Mengi yalikuwa ya Watanzania wenye asili ya Asia, na familia nyingi zikahama, Kanada na Uingereza zikiongoza. Majumba yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Wazee bado wanasema "nyumba ya Msajili" ingawa Msajili hayupo miaka mingi. Kodi zilikaa chini kwa muda mrefu, ambalo lilikuwa jema kwa mpangaji, na nyumba yenye kodi ya chini haipati rangi wala mabomba. Ndiyo sababu roshani ile ni nzuri kwa mbele na nyuma inavuja. Wale vijana wawili wa Kanada walisimama mbele ya duka la babu yao bila kuambiwa neno lolote la hayo. Walijua wenyewe, bila shaka, maana waliacha kupiga picha wakawa wanatazama tu.

Ukiyajua hayo, kuvunjwa kwa nyumba hizi hakushangazi tena. Kiwanja kile chenye nyumba ya ghorofa moja na wapangaji wanne kinaweza kubeba ghorofa kumi na tano. Anatafutwa mwekezaji wa ubia, mwenye kiwanja anatoa ardhi, mwekezaji anatoa fedha, wanagawana vyumba. Kwa hesabu ya karatasi kila mtu amepata, na mji umepata makazi na ofisi. Mhandisi wangu anasema, na hajakosea, kwamba jiji la mamilioni ya watu haliwezi kuutunza mji wake wa kati kama kabati la vyombo vya harusi.

Lakini na yeye kuna anachokiruka. Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 2024 ghorofa nyingine ikaporomoka Kariakoo, ikaua wengi. Hao hawakuuawa na majengo ya kale. Yale tunayoambiwa yamechoka yamesimama miaka mia kwa mawe na chokaa. Yale yaliyokuja kuyapokea mengine hayakumaliza hata kujengwa. Simaanishi kwamba kila cha kale ni imara. Namaanisha kwamba neno "maendeleo" lisitumike kama kibali cha ujenzi.

Sheria nayo ina kichekesho chake, na natamani kila ziara ingeanza nayo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Baada ya hapo, jengo linahitaji kutangazwa na waziri kwenye Gazeti la Serikali. Sasa hesabu mwenyewe. Boma la Kale, jengo kongwe kuliko karibu yote mjini, ni la 1866. Limekosa mstari kwa miaka mitatu. Dar es Salaam nzima ya Majid imekosa. Upande mwingine, sheria hiyo hiyo inalinda milango ya mbao iliyochongwa kwa nakshi za Kiafrika au za Mashariki kabla ya mwaka 1940. Kwa hiyo inawezekana kabisa mlango ukawa unalindwa na nyumba iliyoushika isilindwe. Na kilichotangazwa gazetini kinaweza kuondolewa kwa njia ileile, ukurasa ambao hakuna anayeusoma akinywa chai.

Kijana wa usanifu alimuuliza mwongozaji, tukiwa Mtaa wa Mosque, kati ya majengo tuliyoyaona leo yapi yamo kwenye orodha. Mwongozaji alitaja mawili, akasita, akasema ataangalia. Alikuwa mtu mwema na mwenye kujua mengi, alitaja mwaka wa kila mnara bila kuangalia karatasi. Ila swali hilo hakuwa ameulizwa kabla. Wageni wanauliza nani alijenga. Mwenyeji anauliza nani anaweza kuvunja. Hapo ndipo suala la lugha linapokuwa zaidi ya suala la adabu: ziara ikiwa kwa Kiingereza, kwa ada inayolipika na mgeni, itajibu maswali ya mgeni, na itaandaliwa kwa maswali ya mgeni. Sidhani kama waandaaji wamekusudia. Mteja ndiye anayeandika somo.

Kuna wanaosema Mswahili hana utamaduni wa kutembea kutazama nyumba, hivyo ziara ya Kiswahili itakosa watu. Nimelisikia hili hata kwa watu wa utalii. Mimi naona ni uvivu wa kufikiri. Watu wetu wanatembea mji huu kuliko mtu yeyote. Hawatembei kwa burudani kwa sababu mji wenyewe umewanyima nafasi. Njia za miguu zimejaa magari yaliyoegeshwa, mifuniko ya mitaro imeibwa, kivuli ni kile cha mabaraza ya maduka ya Kihindi, ambayo ndiyo yanayovunjwa. Wamachinga walipoondolewa kandokando ya barabara Oktoba 2021 nafasi ilionekana kwa wiki kadhaa, na watu kweli walikuwa wakitembea wakishangaa maduka. Na tazama mzee wa mjini akikutwa kwenye kahawa jioni: atakusimulia nani alikuwa na sinema wapi, nani aliuza baiskeli, bendi gani ilipiga ukumbi gani. Hiyo ni ziara ya majengo, tena bila kutoza. Kinachokosekana ni mtu wa kumlipa mzee huyo asubuhi moja kwa wiki asimame na wanafunzi.

Ziara yetu iliishia Mnazi Mmoja, upande wa mjini. Mwongozaji alitushukuru, tukampa mkono, wageni wakaita bajaji. Nilimuuliza kwa nini hatuvuki. Akasema Kariakoo hakuna majengo ya kihistoria.

Jibu hilo halikunikasirisha, maana ndilo ambalo mji wenyewe ulifundishwa kulitoa. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1891 ziligawa mji kwa aina ya nyumba: pwani ya mashariki nyumba za Kizungu tu, katikati nyumba za kudumu za biashara, na nyuma kabisa nyumba za udongo na makuti. Waingereza wakauendeleza mgawanyo, na ndivyo tulivyopata Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao leo tunaupenda kwa mikutano na vivuli vyake, uliachwa wazi ili kutenga Uhindini na Uswahilini. Ziara inapokoma pale, inakoma kwenye mstari ule ule uliochorwa na ofisi ya ardhi ya mkoloni, na bila kujua inasema kile kile kilichosemwa na mchoraji: upande huu ni majengo, upande ule ni vibanda.

Ng'ambo ya pili ndiko Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, kilikoacha jina lake: Kariakoo. Wale miguu na mikono ya jeshi, ambao sanamu yetu ya asubuhi haikuwa na nafasi nao, walikuwa na kambi yao huko. Ndiko ulipo Mtaa wa Lumumba, ambako TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, ingawa jengo lililopo leo si lile. Ndiko lilipo soko lililochorwa na Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa mwanzo kuwa wasanifu majengo katika ukanda huu, likafunguliwa mwaka 1975 likiwa na paa la miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa juu chini ili kukusanya maji ya mvua. Liliungua Julai 2021. Mtu anayesema hapo hakuna usanifu amezoea kuutafuta kwenye vigae vyekundu.

Na kuna nyumba ya Kiswahili yenyewe: vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, ukumbi katikati unaopitisha upepo kutoka baraza la mbele hadi uani, jiko na choo nyuma, mwenye nyumba akikaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Mji mzima wa Waafrika ulijengwa kwa ramani hiyo moja. Iliwapa wajane kipato, iliwapa wahamiaji wa bara mahali pa kufikia, na mikutano ya siasa ilifanyika barazani mwake. Ghorofa za Uhindini zimebaki nyingi. Za namna hii Kariakoo unazitafuta kwa tochi, na hakuna anayezipigia picha.

Basi tukavuka, mimi na yule kijana. Tulizunguka karibu saa nzima kati ya ghorofa za maduka, mikokoteni ikitupigia kelele, hadi tukaipata moja imebanwa na majengo mawili ya vioo, bati lake limeshika kutu, baraza limewekwa vigae vya bafuni. Mama mmoja alikuwa barazani anageuza vitumbua. Kijana akasimama akaanza kuhesabu madirisha kwa kidole.

"Karibuni. Mnamtafuta nani?" mama akauliza.

"Shikamoo mama. Hatumtafuti mtu, tunaitazama nyumba tu."

Akaigeukia kidogo kama vile anaiona kwa mara ya kwanza, akarudi kwenye kikaango chake.

"Marahaba. Itazameni basi, wanangu, lakini itazameni upesi. Mwenyewe keshauza."